Saa za mchana ni za nani?

Maneno ya kufungua mafunzo ya watetezi wa watoto, mbele ya viongozi wa familia zilizohama, wazee wa vijiji, walimu na kamati za wazazi wa Wamaza, kusini mwa Maniema

Najua kwamba mtu akionekana na daftari mkononi, watu wanaanza kuulizana kama ni orodha ya maturubai au ya unga. Niseme mapema: daftari hili si la msaada. Ni la majina ya watu watakaokubali kuwasemea watoto, na kazi hiyo haina malipo. Anayetaka kuondoka sasa aondoke bila haya, sitamkasirikia. Naona wote mmekaa. Vizuri, au labda ni kwa sababu jua la nje ni kali.

Jambo lililotuleta ni saa za mchana. Katika shule nyingi za msingi za upande wetu, mtoto anayesoma asubuhi anatoka darasani kama saa 6 na nusu. Jua linazama karibu saa 12 jioni. Katikati pana saa tano na nusu. Hesabuni siku tano za juma: ni saa 27 na nusu, si chini ya zile anazokaa mbele ya ubao. Juu ya zile za asubuhi tunasema sana: serikali, wazazi, mapadri, mashehe, mashirika. Hizi nyingine hazina msemaji. Na mara nyingi mtoto hapotei akiwa mbele ya mwalimu wake. Anapotea njiani, sokoni, mtoni, kwenye shimo la dhahabu. Anakutana na kijana aliyemzidi miaka mitano, mwenye simu na viatu vizuri, anayemwambia: wewe unasoma kwa faida gani?

Sisi wa kusini mwa Maniema tunajua jinsi shule inavyokatika. Kati ya wazee waliokuwa wanafunzi mwaka 1964, waasi wa Simba waliposhika Kindu na Kasongo, wako ambao hawakurudi tena darasani. Waliokuwa watoto mwaka 1996, na tena kati ya 1998 na 2003, walisoma kwa vipande. Waliozaliwa baada ya hapo wamekutana na vikundi vyenye silaha vya Kabambare na miaka mibaya ya Salamabila, ambako Mai-Mai Malaika walipigana kuzunguka mgodi wa Namoya, mpaka kazi za mgodi zikasimama mwaka 2019. Kila mara shule ndiyo ya kwanza kufungwa na ya mwisho kufunguliwa. Ndiyo maana leo unamkuta mtoto wa miaka 12 katika darasa la pili, amekaa na wa miaka saba, magoti yanagonga dawati, na anaona haya kuinua mkono. Nchi yetu ina vituo vya kufidia masomo, vinavyopitisha miaka sita ya shule ya msingi katika miaka mitatu. Ni kazi nzuri, lakini havipo katika kila kijiji, na mtoto wa namna hiyo hawezi kungoja.

Tunaposema vipindi vya baada ya masomo, hatusemi jengo jipya wala shule ya pili. Tunasema saa mbili za mchana, mara mbili au tatu kwa juma, mahali panapoonekana, pamoja na watu wazima wanaojulikana. Pale watoto wanarudia hesabu na kusoma kwa sauti, halafu wanacheza mpira, wanapiga ngoma, wanalima bustani, wanaigiza. Wa familia zilizohama na wa wenyeji, pamoja. Ni hivyo tu. Lakini hata hivyo tu hakuji kwenyewe, kwa sababu kila saa ya mchana ina mwenyewe tayari.

Kwa sheria nitapita haraka, maana karatasi mtapewa. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni bure. Mwaka 2019 ahadi hiyo ilianza kutekelezwa, na madarasa yakajaa kupita kiasi. Sheria ya kulinda mtoto ni ya Januari 2009. Kanuni za Mwongozo za Umoja wa Mataifa juu ya wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, zinasema katika kanuni ya 23 kwamba aliyehama ana haki ya elimu, na kwamba elimu hiyo iheshimu lugha, desturi na dini yake. Na Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990 ikiwa bado inaitwa Zaire, una kifungu cha 31 kinachotaja kupumzika na kucheza. Ndiyo, kucheza kumeandikwa. Wengine wetu tulipigwa kwa kucheza, kumbe ilikuwa haki.

Hata hivyo nawaomba: msianze na karatasi hizo. Mtetezi anayeanza na kifungu cha sheria mbele ya mama aliyechoka amekwisha kushindwa. Sheria mtaihitaji baadaye, mkifika kwa wakubwa. Mlango wa kwanza ni wa mama, na hapo nataka tukae kidogo, kwa sababu naona mafunzo mengi yanaruka mlango huu na kukimbilia ofisini.

Mchukueni mama aliyekimbia kutoka Salamabila. Wengi wa waliohama huku kwetu hawako kambini. Wako katika nyumba za watu, jamaa au marafiki. Huyu mama analala chumba kimoja na watoto watano. Hana shamba lake. Anafanya kibarua katika shamba la mwenyeji, analipwa mihogo. Binti yake wa miaka kumi ndiye anayechota maji, anatwanga, anabeba mdogo wake mgongoni. Ukimwendea ukasema, "Mama, mruhusu mtoto aje kucheza," umemtukana. Umemwambia kwamba huoni kazi inayofanywa na yule binti. Atakujibu kwa adabu, "Ndiyo, mwanangu, nimesikia," na mtoto hutamwona.

Mtetezi anayejua kazi anakaa kwanza. Anasalimia, anauliza habari za njiani, za waliobaki, za ugonjwa. Halafu anauliza: Mama, mchana wa nyumba hii unakwendaje? Maji yanachotwa saa ngapi? Siku gani unakwenda shamba la mbali? Siku ya soko ni ipi? Anasikiliza. Katika majibu hayo atakuta tundu, labda Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa 8 mpaka saa 10, baada ya maji na kabla ya kutwanga. Basi ombi lake liwe hilo tu. Asiombe mtoto, aombe Jumanne na Alhamisi.

Na huyo mdogo wa mgongoni? Aje naye. Kama tunakataza watoto wachanga, tumewafukuza mabinti wote wakubwa bila kutamka neno. Tandikeni mkeka pembeni, mama mmoja mzee akae nao. Bibi zetu wanajua kazi hii kuliko mtu yeyote mwenye shahada.

Mama huyo atauliza jambo jingine, hata kama hataliuliza kwa sauti: nani atakuwa na binti yangu hapo? Ni swali la haki. Kwa hiyo haya nataka yashikwe bila kulegea. Watu wazima wawe wawili daima, mwanaume na mwanamke, na asiwepo mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto. Mahali pawe wazi, si chumba chenye mlango unaofungwa. Mambo yaishe saa 10, ili hakuna binti anayerudi gizani au kupita porini jua likizama. Na kila mzazi ajue jina la mama mmoja wa kijiji ambaye mtoto anaweza kumwendea akiona ubaya, na huyo mama asiwe mke wala dada wa anayeongoza vipindi. Nimesema mke wala dada kwa makusudi. Tunajifahamu.

Mlango wa pili ni wa direkta wa shule. Yeye ana ufunguo. Msimwendee kana kwamba ufunguo ni wenu. Shule nyingi zina zamu mbili, asubuhi na mchana, hasa tangu madarasa yalipojaa. Unaweza kumwomba darasa ambalo halipo. Mwulizeni yeye: nafasi ipo wapi na lini? Kama hakuna, kuna mwembe, kuna uwanja, kuna baraza ya wazee siku wasipokutana. Anachoogopa direkta ni mambo mawili: dawati kuvunjika na lawama kutoka kwa mkaguzi. Mkimletea jina la mtu atakayejibu dawati likivunjika, mmekwisha kuondoa nusu ya hofu yake.

Sasa neno gumu, neno la faranga. Kabla ya mwaka 2019 wazazi walibeba mishahara ya walimu mabegani mwao. Mtoto alirudishwa nyumbani katikati ya somo kwa sababu ya deni. Watu hawajasahau. Kwa hiyo siku mtetezi atakapotaja mchango, hata mdogo, hata wa chaki, watasikia kwamba ada imerudi kwa mlango wa nyuma. Na mtoto wa aliyehama atakuwa wa kwanza kutolewa, maana baba yake hana kitu. Msitaje mchango.

Lakini mwalimu naye ana tumbo. Wako walimu wanaofundisha hapa na majina yao hayajaingia kwenye orodha ya malipo ya serikali. Huwezi kumwambia mtu asiyelipwa asubuhi afanye na mchana bure, kisha umwite mzalendo. Mimi naona njia mbili za uaminifu. Ya kwanza: mwalimu asibebe yote. Kijana aliyemaliza shule ya sekondari anaweza kusomesha kusoma, fundi cherehani anaweza kufundisha kushona, mzee anaweza kusimulia. Ya pili ni salongo. Wazazi walime shamba la mwalimu asubuhi moja kwa mwezi, wote, waliohama na wenyeji, majembe kwa pamoja. Hapo hakuna faranga iliyopita mkononi mwa mtu, na hakuna wa kuiba. Mtaona pia kwamba watu waliolima mstari mmoja wanaongea tofauti jioni.

Tusijifanye kama tumevumbua kitu. Mchana wa watoto wetu haukuwa mtupu tangu zamani. Kasongo ni mji wa chuo cha Korani. Watoto wengi wa upande huu wamejifunza herufi kwenye mkeka wa mwalimu kabla ya kuona dawati. Wakatoliki wana kwaya na vikundi vya watoto, na Xaveri, chama cha vijana kilichozaliwa Bukavu katika miaka ya 1950, kimelea watu wazima wengi wa mashariki. Waprotestanti wana kwaya zao. Skauti wapo. Hao wote wanajua kukusanya watoto baada ya shule bila bajeti. Waendeeni kwa heshima, waulizeni wanafanyaje, na msiweke vipindi vyenu siku zao. Mkiweka Alhamisi mchana na chuo kiko Alhamisi mchana, mmeanzisha ugomvi na shehe kwa jambo ambalo angeliunga mkono.

Ila mahali pa kukutania pasiwe msikiti wala kanisa, hata wakiwapa bure. Si kwamba ni pabaya. Ni kwamba mtoto wa upande wa pili hataingia, na mama yake hatasema kwa nini.

Nafika kwenye mpira, maana najua vijana mnangoja mpira. Mpira unaweza kuleta amani na unaweza kuleta ngumi. Wazo la kwanza linalokuja kwa kila mtu ni mechi: wahamiaji dhidi ya wenyeji, tushangilie, tupige picha. Acheni wazo hilo. Mmechukua mstari uliokuwa katika mioyo ya watu mkauchora uwanjani kwa chokaa. Goli moja la mkono, na wazazi wako ndani ya uwanja. Gawanyeni timu kwa mwezi wa kuzaliwa, au kwa mtaa ambao wote wanaishi sasa, mwenyeji na mgeni. Na kama mtu akileta jezi, ziwe za wote au zisiwepo. Mwenyeji aliyegawa nyumba yake na chakula chake, akiona mtoto wa mgeni amevaa kipya na wake amevaa kilichochanika, ana neno moyoni, na neno hilo lina haki. Yeye pia ni maskini. Vita vya hapa havikumwacha.

Kuna watoto ambao hatutawataja kwa jina hapa wala popote: wale waliopita msituni. Mwaka 2012 serikali yetu ilitia sahihi na Umoja wa Mataifa mpango wa kukomesha kuingiza watoto jeshini, na wengi wametoka katika vikundi tangu hapo. Lakini wanarudi kijijini ambako kila mtu anajua. Mtetezi asiseme kamwe, "Huu ni mpango wa watoto waliotoka msituni." Akisema hivyo, watoto wengine watazuiwa na mama zao, na wale wenyewe watakuwa wameonyeshwa kidole mbele ya watu, pengine mbele ya wanaowatafuta. Mlango uwe wa wote. Msiandike orodha ya nani alibeba nini. Kama mtoto anataka kuongea, kuna wenye kazi hiyo. Ninyi mpeni mpira na mpeni nafasi ya kukosea hesabu bila kuchekwa. Na juu ya watu wenye silaha wenyewe, mtetezi asisimame sokoni kuwataja. Kazi yetu ni kuwa na watoto saa ile ambayo wao wanawatafuta. Hilo halihitaji hotuba.

Basi nani awe mtetezi? Si yule anayeongea sana, samahani kwa wanaoongea sana. Nataka mtu ambaye watu wanamwachia watoto wao anapopita njiani. Nataka waende wawili wawili: mmoja wa waliohama, mmoja mwenyeji; mmoja mwanamke, mmoja mwanaume. Mama aliyehama akiona mtu wa kwao pamoja na mtu wa hapa wamekaa kwenye benchi moja, nusu ya maneno imekwisha kusemwa. Na viongozi wa familia zilizohama, naomba msilete watoto wa ndugu zenu tu. Tutauliza.

Mkishapata mama ishirini waliokubali siku na saa, hapo ndipo mwende kwa shefu wa kijiji, kwa shefu wa sekta, kwa mkaguzi wa shule. Sasa zile sheria zitoke mfukoni. Msipeleke malalamiko kumi. Pelekeni ombi moja ambalo mkubwa anaweza kulijibu kwa ndiyo au hapana siku ile ile: uwanja huu, siku hizi mbili, saa hizi mbili, na barua yenye mhuri. Barua ni ya maana kuliko mnavyofikiri, kwa sababu wakubwa wanahamishwa na mhuri unabaki. Kama kuna redio karibu, ombeni dakika chache. Watoto wasome wenyewe hadithi fupi hewani. Baba aliyemsikia mtoto wake redioni hatamwambia tena abaki nyumbani siku ya Jumanne.

Mzee mmoja ameniuliza hapo mlangoni: na familia zikirudi kwao, kazi hii yote itakuwa ya bure? Hapana, mzee. Wakirudi Salamabila au Lulenge watarudi na mtu anayejua kuomba Jumanne na Alhamisi. Huko nako kuna mwembe. Na hapa watabaki watoto wa wenyeji, ambao saa zao za mchana ni zile zile. Wakati wa kuvuna mpunga mtafunga, na mvua ikija mtafunga, kisha mtafungua. Msiogope kufunga. Ogopeni kufunga bila kusema siku ya kufungua.

Sasa tuache maneno. Nitawagawa wawili wawili, na kabla ya chakula tutafanya zoezi: mmoja awe mama aliyechoka, mwingine awe mtetezi, na aliye mama asimwonee huruma mwenzake. Kisha mchana, kuanzia saa 8, mtakwenda kweli nyumba tatu tatu, zile mtakazochagua na viongozi wenu. Mtakaporudi saa 11 msiniletee ahadi. Nileteeni siku na saa, na nileteeni waliosema hapana, pamoja na sababu zao kama walivyozisema kwa maneno yao. Kesho asubuhi tutaanza na hao.